Nyasi Yenye Kromosomu za Mahindi

Mfugaji wa vilima vya Mumirwa, juu ya Bujumbura, akikata tripsakumu kumpelekea ng'ombe wake zizini, anakata nyasi ya Amerika ya Kati ambayo kwa miaka mingi vitabu viliiita kwa jina la nduguye. Wakulima wa Tanzania huiita Guatemala. Hupandwa mistari ikikingama mteremko, ili mizizi ishike udongo ambao mvua ingeuporomosha hadi mjini. Na tangu sheria ya Oktoba 2018 ilipokataza mifugo kuzurura Burundi, malisho ya kukata ni hitaji la kila siku.

Jenasi Tripsacum ilipewa jina na Carl Linnaeus mwaka 1759. Spishi zake zote asili yake ni Amerika. Vitabu vya kilimo vilizoea kuandika Tripsacum laxum, spishi ya kweli iliyoelezwa na Nash mwaka 1909, lakini siyo hii ya mashambani. Mwaka 1976 J. R. Gray aliitenga hii na kuiita Tripsacum andersonii.

Ushahidi mzito umo ndani ya seli. Kromosomu za Tripsacum huja kwa mafungu ya 18, ndiyo maana spishi nyingi zina 36 au 72. Hii ina 64. Toa mafungu matatu, yaani 54, zinabaki 10, na 10 ndiyo idadi inayobebwa na chavua ya mahindi. Mwaka 1990 uchunguzi wa DNA ulithibitisha kwamba zile 10 zimetoka katika jenasi Zea, ukoo wa mahindi. Ni chotara wa jenasi mbili, aliyejitokeza porini bila mkono wa mtafiti! Kumbakiza katika Tripsacum naona ni sawa, kwa kuwa sehemu kubwa ya urithi wake imetoka huko.

Chotara huyu ni tasa. Mkulima hupanda vipande vya shina, kwa hiyo mashina ya kilima kizima yanaweza kuwa na urithi mmoja, na ugonjwa ukiingia hautakuta tofauti ya kuuzuia. Anayesoma jina la zamani hapati onyo hilo.

Je, nyasi hii imekwisha kuwa mwenyeji Burundi? Kipimo cha wanabotania ni mmea kuendelea kuzaana bila kupandwa. Kwa hiyo kila sampuli inayokaushwa Bujumbura iandikwe waziwazi: shina hili lilipandwa, au lilichipua lenyewe kutoka kipande kilichosombwa na maji?