Vikope: jicho linachelewa, damu inasema

Ugogo nzima inajua machungu ya ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Nywele za kope hujikunja kuelekea ndani, kila mtu akipepesa zinaikwaruza mboni, na kovu likishakomaa mwanga hupotea. Hospitali ya Mvumi, wilayani Chamwino, imejulikana kwa miongo mingi kwa tiba ya macho. Lakini bibi anayefika leo kurekebishwa kope alianza kuambukizwa utotoni, tena na tena.

Kwa hiyo mtoto ndiye wa kuangaliwa. Mpimaji huvaa miwani ya kukuza, hulipindua kope la juu na kutafuta vipele vyeupe. Vikifika vitano, kila kimoja kikiwa na upana usiopungua nusu milimita, huyo ana trakoma. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa namna hiyo, wenye umri wa mwaka 1 hadi 9, wasifike asilimia 5 katika eneo. Tatizo ni kwamba vipele huendelea kuonekana muda mrefu baada ya dawa ya azithromaisini kuwaua bakteria.

Hapo ndipo protini inapotusaidia. Bakteria wa trakoma hutengeneza protini iitwayo Pgp3, na mwili huijibu kwa kingamwili, ambazo nazo ni protini. Mtoto huchomwa kidole, tone la damu huwekwa kwenye kipande cha kipimo chenye Pgp3, na kingamwili zikiwemo mstari hujitokeza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliotumia damu ya watoto wa Tanzania, ulikuwa miongoni mwa uliofungua njia hii.

Mstari huo usomwe pamoja na umri. Kingamwili hukaa mwilini kwa miaka, hivyo za mtoto wa miaka minane huenda ni za maambukizi ya zamani. Za mtoto wa miaka miwili ni habari mpya: bakteria bado wanazunguka kijijini, hata kama macho ya wenzake yanaonekana safi.

Naamini kipimo hiki kinastahili kuzoeleka vijijini, sambamba na maji ya kunawa uso, ambayo kiangazi cha Dodoma huyafanya adimu. Wazazi wa Mvumi, timu ya macho ikifika, mpelekeni hata mtoto asiye na tongotongo.