Kiingereza cha Vitabuni Hakiji Chenyewe

Mtoto wa Choma, wilayani Igunga, anaingia kidato cha kwanza akiwa na lugha mbili. Nyumbani anaongea Kisukuma au Kinyamwezi. Darasani, tangu la kwanza hadi la saba, amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Sasa, baada ya wiki chache za kozi ya kumwandaa, baiolojia, kemia, fizikia na jiografia zote zinageuka Kiingereza. Hilo kila mzazi analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba Kiingereza kinachomsubiri humo si kile alichofundishwa cha kusalimia na kueleza habari za familia yake. Ni Kiingereza cha kitaaluma, na watafiti wamekuwa wakikichunguza kwa zaidi ya miaka 60.

Mmoja wao ni John Swales, Mwingereza aliyefundisha Libya na baadaye Chuo Kikuu cha Khartoum, Sudan, miaka ya 1970. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha kwamba utangulizi wa makala ya utafiti una hatua zake: mwandishi huonyesha kwanza kwamba uwanja wake una umuhimu, kisha pengo lililobaki, kisha jinsi atakavyoliziba. Wasomi wengi huzifuata hatua hizo bila kufundishwa waziwazi, na mwanafunzi asiyezijua huonekana hana hoja hata kama anayo.

Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand alipitia maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5 na kupata familia 570 za maneno ambazo peke yake hubeba karibu asilimia 10 ya maandishi hayo. Si majina ya kemikali wala ya viungo vya mwili. Ni maneno ya kubainisha, kukadiria, kulinganisha na kuchambua. Kwa maoni yangu hapa ndipo watoto wetu wengi wanapopotea. Mwalimu wa kemia anaona maneno hayo ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza anaona ni ya sayansi.

Ugumu mwingine umo katika sentensi zenyewe. Mtu akisema "maji yakipata joto huvukizwa", mtoto anaelewa. Kitabu kitasema "uvukizwaji wa maji huongezeka kutokana na ongezeko la joto". Vitendo vimegeuzwa kuwa majina, na aliyetenda ametoweka. M. A. K. Halliday, mwanaisimu aliyefanya kazi miaka mingi Australia, alieleza kwamba uandishi wa sayansi umejengwa kwa mtindo huo. Hata kwa Kiswahili unahitaji kufundishwa, seuze kwa lugha ambayo mtoto haisikii sokoni, kanisani, msikitini wala kisimani.

Tanzania ilishapima tatizo hili mapema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978, kwa kuwa wanafunzi wake walihitaji msaada wa kusoma na kuandika kitaaluma. Mwaka 1984 watafiti Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti yao kuhusu Kiingereza katika elimu ya Tanzania, wakitumia mtihani wa kujaza nafasi: unachukua kifungu, unafuta maneno kwa mpangilio, msomaji anayarudisha. "Damu huchukua ____ kutoka kwenye mapafu na ____ kwenye seli zote za mwili." Anayeijua lugha anajaza "oksijeni" na "kuipeleka" bila kusita, kwa kuwa sarufi na maana vinamwongoza. Asiyeijua anakwama hata kama kazi ya damu anaifahamu. Walikuta kwamba kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanzie. Chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio ambao wangeona rahisi kusoma hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Hata hivyo, ripoti ilipendekeza Kiingereza kiendelee.

Jim Cummins wa Kanada aliona kwamba watoto wahamiaji huko hupata Kiingereza cha mazungumzo kwa takriban miaka miwili, lakini cha kitaaluma huwachukua mitano hadi saba. Hao wanaishi katikati ya wazungumzaji wa lugha hiyo. Mtoto wa Choma anapewa miaka minne hadi mtihani wa kidato cha nne.

Nani basi anajifunza lugha ya kazi kwa urahisi? Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Tabora na mizigo ya pembe kuelekea Bagamoyo walikitumia Kiswahili safarini, maana ndicho kilichoendesha misafara. Lugha na kazi vilienda pamoja. Leo, katika chuo cha uuguzi cha Hospitali ya Rufaa ya Nkinga, wilaya hiyo hiyo ya Igunga, mwanafunzi anasomea kwa Kiingereza ili amhudumie mgonjwa anayeeleza maumivu yake kwa Kisukuma. Hapo lugha na kazi vimetengana. Mahakama zimeanza kuviunganisha: sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Darasani nako, watafiti Penina Mlama na May Matteru walipochunguza shule za sekondari mwaka 1977 waliona darasa likinyamaza mwalimu akifundisha kwa Kiingereza, na likichangamka akihamia Kiswahili. Miongo kadhaa baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na vyuo vingine vya nchini, waliandaa vitabu vya kidato cha kwanza vyenye sentensi fupi, picha, maana za maneno kwa Kiswahili na nafasi ya kujadili kabla ya kuandika. Kiingereza hakikuondolewa humo. Kiliwekewa ngazi ya kukifikia.

Kwa hiyo, wathibiti ubora wa shule, mkimkuta mwalimu wa Choma akieleza usanisinuru kwa Kiswahili kisha akiwaongoza wanafunzi kuuandika kwa Kiingereza, msimwandikie kosa. Nanyi mnaotunga vitabu, wekeni faharasa ya Kiswahili katika kila kitabu cha sayansi cha kidato cha kwanza.