Somo la Redio: Kinyago Kizuri Hutambuliwaje?

Leo tuna somo la kutazama kwa macho, kushika kwa mkono, na mwisho kuandika kwa kalamu. Somo letu ni kinyago. Kama darasa lenu lina kinyago cha mpingo, hata kidogo, kiwekeni mezani. Kama hamna, sikilizeni tu. Mtakwenda kutazama wenyewe siku nyingine.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Siku moja nilitaka kumpa mgeni zawadi. Muuzaji mmoja kando ya barabara alinionyesha kinyago cha shetani, cheusi, chenye jicho moja na mdomo mpana. Akaniambia, "Mpingo huu, mwalimu." Nikatoa shilingi elfu arobaini bila kuuliza neno lingine. Nikakipakata ndani ya daladala mpaka nyumbani Temeke. Jua lilikuwa kali na mikono yangu ilitoka jasho. Nilipofika, shati langu jeupe lilikuwa na madoa meusi, na kinyago kilikuwa na mabaka ya njano. Kilikuwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu.

Basi, sitaki nanyi mpate hasara hiyo. Tena wako wenzetu wanaochonga kwa haki. Mnunuzi asiyejua tofauti humlipa mdanganyifu bei ile ile anayostahili fundi.

Kwanza tuelewe shetani huyu ni kitu gani. Vinyago hivi ni kazi ya Wamakonde, watu wa pande zote mbili za mto Ruvuma, Tanzania na Msumbiji. Wengi walivuka kutoka Msumbiji zamani za ukoloni kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge, na baadhi yao walifika Dar es Salaam na ufundi wao. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji mmoja, Samaki Likankoa, alikuwa na kinyago cha mtu kilichovunjika mkono. Hakukitupa. Alikichonga upya, akakifanya kiumbe wa ajabu, akakipeleka kwa mfanyabiashara Mohamed Peera hapa mjini. Kikapendwa. Tangu hapo mashetani wa mpingo wakawa wengi. Ukienda leo kwenye soko la vinyago la Mwenge, wilaya ya Kinondoni, utawakuta wamesimama safu kwa safu. Utaona pia vinyago vya ujamaa, watu wengi waliobebana katika gogo moja, lakini leo tubaki na mashetani.

Hapa pana swali gumu. Kinyago cha tembo ukikiona, unajua kama mkonga umekaa sawa, kwa maana tembo unamfahamu. Lakini shetani, nani amemwona? Mchongaji akimpa sikio moja na miguu mitatu, utasemaje kwamba amekosea?

Wenzetu wa nchi nyingine wanalo swali kama hili. Baada ya filamu ya Star Wars kutoka Marekani mwaka 1977, watu wengi walianza kukusanya sanamu ndogo za plastiki za viumbe wa hadithi ile ya sayari za mbali. Nao hawakuwahi kukutana na viumbe hao. Lakini kazi yao ni rahisi kidogo. Sanamu zile hutoka kiwandani, maelfu kwa umbo moja, basi huzilinganisha zenyewe kwa zenyewe: viungo vimelegea au la, rangi imevuka mstari au la, hata kama pakiti yake haijafunguliwa. Kinyago cha Mmakonde hakina kiwanda wala pakiti. Kwa hiyo sisi tutauliza habari za mti, kisha habari za mkono uliochonga, kisha habari za umbo.

Haya, mti. Kishikeni kinyago. Mpingo ni mzito sana. Kipande chake kikitiwa majini huzama. Kinyago kikubwa ukikiinua kama kikapu kitupu, kirudishe mezani. Halafu tazameni rangi. Watu hudhani mpingo ni mweusi kama masizi kila mahali. Sivyo. Kiini chake kina weusi uliochanganyika na kahawia au zambarau, na sehemu ya nje, chini ya gome, ni nyeupe yenye umanjano. Wachongaji wengine huiacha sehemu hiyo makusudi, ikawa kama nguo ya kinyago. Weusi ulio sawasawa mno, bila mshipa hata mmoja, ndio wa kuutilia shaka.

Sugueni kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo. Lakini angalieni, msimhukumu mtu haraka. Hata mpingo wa kweli huweza kupakwa dawa ya viatu ili ung'ae, na kitambaa kikachafuka. Kwa hiyo mwombeni muuzaji akwaruze kidogo chini ya kitako kwa ncha ya kisu. Mpingo ukikwaruzwa, ndani ni mweusi au kahawia iliyoiva vile vile. Mti mwingine utaonyesha weupe wake papo hapo. Muuzaji akikataa katakata, nanyi mmepata jibu. Na kama kinyago ni cha mninga, hiyo si dhambi. Mninga ni mti mzuri. Kosa ni kuuita mpingo na kuuza kwa bei ya mpingo.

Tena mpingo hukua pole pole mno. Mti waweza kuchukua miaka sabini hadi mia moja kufikia unene wa kukatwa. Gogo alilolitumia fundi huenda lilianza kuota kabla babu yake hajazaliwa.

Sasa nyufa. Mti uliochongwa ungali mbichi hupasuka baadaye, hasa ukiwekwa katika chumba kikavu chenye mashine ya ubaridi. Tazameni kitako na kichwa, ndiko nyufa huanzia. Wako wanaoziba ufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mpingo. Pitisheni ukucha juu yake: mahali palipozibwa hapana nyuzi za mti, na mng'ao wake ni mwingine. Fanyeni hivyo pia shingoni na mabegani, mkatafute kama kuna kipande kilichoungwa. Kinyago chema cha shetani ni kipande kimoja tangu unyayo mpaka pembe.

Mkono wa fundi hujulikana mgongoni. Ndiyo, mgongoni! Fundi huanza na tezo, hufuata patasi, kisha tupa, kisha msasa mkavu na msasa laini. Mvivu hulainisha uso tu, kwa sababu anajua mnunuzi hutazama uso. Kigeuzeni. Ingizeni kidole katika matundu, kati ya vidole vya shetani, chini ya kwapa, ndani ya mdomo. Mkikuta mikwaruzo ya tupa, kazi iliachwa njiani. Kisha kisimamisheni mezani. Kikiyumba, mwulizeni bei nyingine.

Tumebaki na umbo, na hapa ndipo ninapopapenda. Wekeni kidole katika unyayo wa shetani, mfuateni mpaka kichwani. Mguu unageuka tumbo, tumbo linageuka mkono, mkono unashika sikio lake mwenyewe. Kidole kikipita bila kukwama, fundi alijua anakokwenda tangu pigo la kwanza la tezo. Kikikwama kwenye pembe iliyobandikwa tu kwa kutisha, hakujua. Jicho moja si kosa. Jicho lisilotazama mahali ndilo kosa. Na mkikuta mashetani kumi wanaofanana mezani, basi kumi hao wananakiliana. Tafuteni yule wa kumi na moja.

Mkisha kukubaliana bei, msiondoke mikono mitupu ya karatasi. Hapa ndipo kusoma kwenu kunapofanya kazi. Ombeni stakabadhi, na isomeni kabla ya kutoa fedha. Mimi sikuiomba, ndiyo maana sikuwa na neno la kumrudia yule muuzaji. Chukueni kalamu sasa, andikeni pamoja nami:

"Nimemwuzia mnunuzi kinyago kimoja cha shetani. Mti ni mpingo. Ni kipande kimoja, hakikuungwa. Bei ni shilingi ______. Jina la muuzaji ______. Sahihi ______. Tarehe ______."

Mwenye kumaliza ampe jirani yake amsomee kwa sauti. Juma lijalo leteni madaftari haya haya. Kwaherini.