Simu Dirishani, Wewe Jikoni
Wenzangu mnaojiandaa na mazoezi ya kufundisha huku Mbeya na Iringa, kuna vijiji mtakuta netiweki iko dirishani tu. Mimi nilipopangiwa, nikisogea hatua tatu mama anakatika, tena katikati ya habari ya mgonjwa. Milima huzuia mawimbi ya mnara, na paa la bati huyapunguza zaidi.

Panasonic wana simu za nyumbani zisizo na waya zinazounganishwa na simu ya mkononi kwa Bluetooth. Simu yako inakaa penye netiweki, unapokelea chumba kingine. Kwetu simu ya TTCL nyumbani ni ya kuhesabika, ila hedifoni ya Bluetooth au spika yenye maiki inafanya kazi hiyohiyo.

Inakuwaje? Simu ndiyo inaongea na mnara. Bluetooth inabeba sauti tu kati ya simu na kifaa, kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa kawaida kama mita 10. Ukuta wa tofali hupunguza umbali huo. Kwa hiyo haikuongezei netiweki, inakupa nafasi ya kutembea.

Washa Bluetooth, weka kifaa tayari kuunganishwa, chagua jina lake, kisha hakikisha umeruhusu simu, siyo muziki peke yake.

Angalizo kwa wa hosteli: spika ya kuazima ikishazoeana na simu yako, ikiwashwa jirani huweza kujiunganisha yenyewe. Mzee akipiga kuhusu ada, chumba kizima kinasikia. Ukiirudisha, ifute kwenye orodha.