Fahamu: Altrasaundi ikionyesha figo za mtoto tumboni zimetanuka

Mjamzito akiambiwa kwamba figo ya mwanawe imetanuka, hofu humjaa, na mara nyingi hatoki na maelezo mengine. Ajue hili kwanza: hali hii huonekana katika mimba 1 hadi 2 kati ya 100, na mara nyingi huisha yenyewe.

Kinachopimwa ni upana wa sehemu ya figo inayokusanya mkojo. Kwa vigezo vya wataalamu vya mwaka 2014, kabla ya wiki ya 28 ufuatiliaji huanza upana ukifika milimita 4; kuanzia wiki hiyo, milimita 7.

Lakini namba pekee haitoshi. Kwa mtoto wa kiume hasa, kibofu kikiwa kikubwa chenye kuta nene, na maji ya uzazi yamepungua, huenda kuna vali zinazoziba njia ya mkojo. Katika nusu ya pili ya mimba maji hayo mengi ni mkojo wa mtoto mwenyewe, na bila hayo mapafu hayakui vizuri. Mama huyo ajifungulie penye madaktari bingwa wa watoto.

Mtoto akizaliwa, kipimo hurudiwa, kwa kawaida baada ya saa 48, kwani mwanzoni mkojo ni kidogo na figo huweza kuonekana nzima. Penye dalili za kuziba, hakusubiriwi.

Mzazi, tunza karatasi ya altrasaundi na uionyeshe kliniki. Mtoto akipata homa, mwahishe siku hiyohiyo apimwe mkojo.