Majina ya Mimea ya Mwitu na Usalama wa Mtoto

Mtoto anayechunga mbuzi au kuokota kuni hukutana na mimea mingi kuliko ile iliyomo katika vitabu vyake vya shule. Baadhi huliwa, baadhi huua. Mzazi humfundisha kuipambanua kwa njia ya lugha, na kwa sababu hiyo suala hili haliwahusu wanabotania na waganga peke yao. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jina la mmea linavyoweza kumlinda mtoto au kumpoteza, na kupendekeza kwamba kinachopaswa kufundishwa si jina pekee, bali kauli nzima.

Ngeli na maana ya tunda

Katika Kiswahili mti aghalabu huwa katika ngeli ya M-MI, na jina la tunda hupatikana kwa kudondosha kiambishi: mwembe huzaa embe, mkunazi huzaa kunazi, mpera huzaa pera. Mtoto huumudu utaratibu huu bila ya kufundishwa. Lakini sarufi haina alama ya kutenga chakula na sumu. Mtunguja nao huzaa tunguja kwa kanuni ile ile. Tunguja likiiva huwa na rangi ya manjano ya kuvutia, ilhali lina sumu. Neno "tunda" lenyewe halisaidii, maana katika mazungumzo ya kila siku limekwisha kuchukua maana ya kitu cha kuliwa.

Tatizo la pili ni mmea mmoja kuwa na majina mengi, au jina moja kubeba mimea mingi. Mmea ambao wanabotania huuita Ricinus communis huitwa mbarika, mbono au mnyonyo, kwa kutegemea mahali. Jina mbono hutumika pia, hasa Tanzania, kwa Jatropha curcas, likiongezwa neno moja: mbono kaburi. Hapa mkanganyiko hauna madhara makubwa, kwani mbegu za mimea yote miwili ni sumu. Mnavu una hatari zaidi. Jina hili limekusanya spishi kadhaa za Solanum zinazofanana sana. Majani yake ni mboga ipendwayo, managu kwa Wakikuyu na osuga kwa Waluo. Lakini matunda yake yakiwa bado ya kijani yana sumu. Aliyeambiwa tu kwamba mnavu huliwa hakuambiwa ukweli wote.

Ladha na dawa

Watoto huambiwa mara kwa mara kwamba kichungu ndicho kibaya. Kanuni hii hushindwa pande zote mbili. Majani ya mnavu ni machungu, nayo ni chakula. Mbegu za mbono kaburi zina ladha ya kupendeza, na ndiyo maana watoto katika nchi nyingi wameugua kwa kuzila. Mbegu za mturituri, Abrus precatorius, nyekundu zenye doa jeusi, hutungwa kama shanga. Ikimezwa nzima huenda ikapita bila ya madhara kwa ugumu wa ganda lake, bali ikitafunwa yaweza kuua. Wala mtoto asimfuate mnyama: alacho ndege au mbuzi si lazima kimfae mwanadamu.

Neno "dawa" nalo lina mtego wake. Mnanaha, Datura stramonium, umepata kuvutwa kama dawa ya pumu. Mtoto asikiapo kuwa mmea ni dawa hudhani ni salama, kumbe mbegu zake huleta kuweweseka, huuendesha moyo mbio, na zaweza kuua.

Kauli yenye mambo manne

Yafaa basi kila jina lifundishwe pamoja na mambo manne: mmea gani, sehemu gani, wakati gani, na hutayarishwaje. Waturkana, mathalani, huchemsha mbegu za edung, Boscia coriacea, mara nyingi, wakimwaga maji na kuyabadilisha, hata uchungu utoke. Anayerithi jina edung bila ya habari ya maji hayo amerithi nusu ya neno, na katika mwaka wa njaa nusu hiyo yaweza kumdhuru.

Mafunzo yaanze na mimea michache iliyo karibu na nyumbani, ile yenye sumu ikitangulia, na kila mmoja uangaliwe ukiwa mche, ukiwa na maua na ukiwa na matunda. Sharti la kwanza liwe kwamba mtoto haonji ili ajue. Asipokuwa na hakika humwita mtu mzima aje auone mmea pale ulipo. Na aliyekwisha kula apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mmea wenyewe.

Wajibu wa wanaisimu

Kokwaro alipotoa kamusi yake ya majina ya mimea ya Kijaluo mwaka 1972, alionyesha kwamba kazi ya isimu na ya botania zaweza kukutana. Maundu na wenzake walifanya vivyo hivyo mwaka 1999, katika kitabu chao juu ya mimea ya chakula ya asili nchini Kenya. Kamusi zetu za Kiswahili, kinyume chake, aghalabu hutosheka na maelezo "aina ya mti". Maelezo hayo hayamsaidii mwalimu. Hatuna budi kuongeza katika fasili sehemu iliwayo, sehemu iliyo na sumu, na majina ya lugha jirani, maadamu wazee wanaoyajua bado wako nasi wa kuulizwa.