Kuokoa au Kubutua?

Beki anapiga mpira mrefu kutoka langoni mwake. Shabiki mmoja anasema ameokoa, mwingine anasema amebutua. Tendo ni moja, hukumu ni mbili: aliyeokoa ameondoa hatari; aliyebutua amepiga ovyo, bila shabaha.

Hapa Goma niliusikia sana ubishi huo wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2024. Leopards walitoka sare na Zambia, Moroko na Tanzania, kisha wakaitoa Misri kwa penalti 8-7, kipa Lionel Mpasi akifunga ya mwisho. Waliingia robo fainali bila kushinda mechi hata moja ndani ya muda wa mchezo. Wapenda pasi walidai timu inabutua tu. Wenzao wakasema inajilinda kwa akili.

Naona pande zote mbili zilihukumu kabla ya kueleza, kwa kuwa kitenzi chenyewe hubeba sifa au lawama. Tuanze na maneno yasiyopendelea, "kupiga mpira mrefu", kisha tuulize: mpira ulimfikia nani? Timu ilipata nafasi ya kujipanga? Majibu hayo ndiyo hoja.